Maji Ambayo Nassibu Hakuyameza

Jalada lilikuwa jembamba, kurasa kumi na moja tu, na Mkaguzi Msaidizi Leonia Mahona alilisoma mara tatu kabla chai yake haijapoa. Lilikuwa limeletwa kutoka pwani kwa basi la jana. Juu ya gamba lake mkuu wake wa kazi, Afande Xavery, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Chukua maelezo matatu. Rudisha Ijumaa. Lifungwe.

Habari yenyewe ilikuwa fupi kama tangazo la msiba redioni. Nassibu Awadhi, miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Tabora mjini, mfanyakazi wa meli ya kuchoronga visima vya mafuta ya kampuni ya Nanga Kuu. Meli hiyo ilikuwa imesimama bahari kuu, eneo la Kolekole, mahali ambapo toka usawa wa maji hadi sakafu ni mita elfu moja na mia tisa. Visima sita vilikuwa vinatayarishwa, vinne vimekwisha, na meli kubwa ya kupokea mafuta ya kwanza ilikuwa tayari njiani. Siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, Nassibu alijirusha baharini kwa hiari yake. Mashua ya uokozi ilimwopoa baada ya dakika arobaini, amekufa maji, kwa mhuri wa daktari wa meli. Shahidi wa huzuni yake ni Fikiri Jilala, mwenzake wa chumba, ambaye wakati wa tukio alikuwa kitandani amelala.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kielelezo kimoja, picha ya ujumbe kutoka simu ya marehemu kwenda kwa mama yake: "Mama nisamehe kwa yote niliyokukosea, madogo na makubwa. Baba nimeshamwomba."

Leonia aliisogeza picha dirishani. Juu ya ujumbe palipaswa kuwa na tarehe. Mtu alikuwa ameikata, tena kwa ustadi, ukingo umenyooka kama wa rula. Leonia alikulia Goweko kwa wafuga ng'ombe na walima tumbaku, na kwao ng'ombe aliyefutwa chapa haulizwi alikotoka. Anaulizwa aliyemleta.

Alichukua daftari lake, akatoka.

Bi Zuwena, mama wa marehemu, alikuwa uani kwake Gongoni akipeta mchele. Mchele ulikuwa safi, hauna chuya wala kijiwe, lakini ungo ulikuwa ukiendelea kupanda na kushuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa mkekani. Hicho kigoda usikiamini, mguu wake mmoja ni wa kuazima."

"Pole kwa msiba."

"Pole hazijazi kikapu. Sema lililokuleta."

"Nimekuja kuchukua maelezo yako, mama. Jalada la Nassibu linataka kufungwa."

"Maelezo sina. Nina swali. Siku ya thelathini na mbili leo ninaamka nalo." Bi Zuwena aliweka ungo chini, akatoa simu kwenye pindo la kanga, akampa. "Soma mwenyewe. Mimi nikisoma macho yanaruka."

Ujumbe ulikuwa uleule, na hapa tarehe ilikuwepo. Ijumaa. Siku moja kabla ya kifo, siku mbili kabla ya Ramadhani. Leonia alikuwa Mkatoliki, lakini hakuna aliyekulia Tabora asiyejua hesabu za mfungo wa majirani.

"Mbona anaomba msamaha, mama? Mlikuwa mmegombana?"

"Tugombane na nani? Ndiyo desturi yetu. Mfungo ukikaribia watu husameheana, usije ukaingia mwezi mtukufu na kinyongo cha mtu kifuani. Panda juu uone."

Leonia alipandisha ujumbe kwa kidole. Mwaka jana, wiki ileile ya mwisho ya Shaabani, maneno yaleyale. Mwaka juzi pia, neno kwa neno, ila huo ulikuwa na kosa la herufi.

"Basi hii si barua ya kuaga."

"Shuka chini sasa. Soma nilivyomjibu."

Jibu halikuwemo kwenye jalada. Lilisema: "Sikusamehe ng'o! Mpaka uje ule futari yangu kwa mkono wako."

Mama wa marehemu alikuwa akiangalia mchele. "Tulikuwa na utani wetu. Watu wengine huweka vile vikatuni vya kucheka mwishoni, mimi sijui kuviweka. Batuli wa jirani ndiye huniwekea, na siku hiyo alikuwa amekwenda sokoni. Nikapeleka hivyohivyo, maneno makavu. Kesho yake wakanipigia simu kuwa kajitupa." Alinyanyua ungo tena, asiupete. "Swali langu ni hilo moja. Aliyasoma maneno haya, akajitupa kwa ajili yangu?"

Polisi akijibu kabla ya kujua huyo ni mtabiri.

"Nipe mpaka Ijumaa, mama."

"Ijumaa. Arobaini yake ni Jumatano ijayo, na baba yake amekataa isisomwe. Anasema hawezi kuita watu wamwombee aliyeikataa roho aliyopewa. Idi imepita juzi hapa hatukuwasha moto."

*

Maelezo ya pili yalikuwa ya mtu aliyeosha maiti. Mzee Mabruki alishona kanzu kwenye baraza karibu na msikiti, na akishonea walio hai asubuhi, jioni aliweza kuitwa kushonea wafu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba afande. Umekuja kupimwa sanda? Kwa wembamba huo kitambaa kitabaki, nitatia na foronya."

"Bado nipo nipo, babu. Nimekuja kwa habari ya Nassibu wa Mzee Awadhi."

Mguu wa mzee uliacha kukanyaga cherehani. "Huyo nimeosha, nimekafini, tumezika. Sanduku lilikuja limegongwa misumari na karatasi juu: lisifunguliwe. Nikawaambia wanaume wenzangu, maiti wa Kiislamu haendi na jasho la safari. Tukang'oa. Wanyamwezi zamani walikwenda pwani na pembe mabegani, waliorudi walirudi na hadithi. Huyu karudi na misumari."

"Umewahi kuosha waliokufa maji?"

"Wa bwawa la Igombe wanne."

"Wakoje?"

"Povu puani, linafutwa linarudi. Na ukiwaminya tumbo taratibu, kama tunavyofanya kwa kila maiti, maji yanakuja."

"Nassibu alitoa povu?"

"Andika tu kuwa nilimwosha."

Jibu lilikuja upesi mno, tena halikuwa la swali aliloulizwa. Leonia alifunga daftari, akaweka kalamu juu yake, waziwazi ili mzee aone.

"Babu, nasikia ninyi waosha maiti mkiona jema kwa marehemu mnalisema."

"Tunalisema. Uso unang'aa, viungo laini, tunawaambia wafiwa wapoe moyo."

"Na mkiona baya?"

"Tunalisitiri. Ndiyo sheria ya kazi yetu. Mwenye kusitiri atasitiriwa."

"Basi nitajie jema moja la Nassibu."

Mzee Mabruki alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu ya mteja. Aliifuta muda mrefu.

"Umenikamata pabaya, binti."

"Sijakukamata. Jalada linasema alijiua."

"Najua. Ndiyo maana nikafunika! Nilichokiona nilidhani ni alama ya hilo tendo. Kijana nimemshonea kanzu ya kwanza ya madrasa, leo nitoke nje nikatangaze?"

"Na kama si alama ya dhambi, babu? Kama ni alama ya kitu kingine, na wewe ndiye pekee uliyeiona?"

Mzee aliinama chini ya cherehani, akatoa kopo la vifungo. Ndani yake, chini kabisa, palikuwa na kipande cha bafta kilichofungwa fundo. Akakifungua. Ilikuwa pete ya kiume, nyeusi tititi kama chini ya chungu.

"Hii ilikuwa kidoleni. Ya fedha, baba yake aliifua kwa mkono. Nimeisugua kwa majivu, nikaisugua kwa ndimu, haitoki. Nilitaka nimrudishie Awadhi ikiwa nyeupe. Ngozi ya mtoto nayo ilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, sijawahi kuiona. Povu hapana. Na nilipominya tumbo..." Alitikisa kichwa. "Hata tone, afande. Huyo hakumeza maji."

Leonia aliandika yote, akamsomea, mzee akatia sahihi kwa maandishi ya Kiarabu. Kisha akamwandikisha hati ya kukabidhi kielelezo: pete moja ya kiume, nyeusi.

*

Mzee Awadhi, sonara, alikuwa kibandani kwake na bati moja la mlango wazi, jingine limefungwa. Alikuwa hafanyi kazi. Alikuwa amekaa tu mbele ya vifaa vyake kama mtu anayesubiri zamu.

"Kama umekuja kuandika, andika sina la kusema."

"Sikuja kuandika, mzee. Nimekuja kuuliza fundi." Leonia aliweka kile kipande cha bafta mezani, akakikunjua.

Sonara hakuigusa kwanza. Alivuta kioo chake cha kukuzia, akakibana jichoni, akainama. Akaigeuza kwa koleo ndogo hadi akaona alama ya patasi upande wa ndani.

"Nani kaichoma pete yangu?"

"Unaona imechomwa?"

"Hapana. Ingechomwa ingelegea ukingo. Hii imeliwa na hewa." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliye kazini. "Umeitoa wapi?"

"Kidoleni kwa Nassibu. Mzee Mabruki aliificha kwa huruma. Bahari inaweza kufanya hivi?"

"Bahari! Pete za wavuvi nimezipokea hapa, zimevaliwa miaka ishirini. Chumvi huzitia ukungu wa kijivu, unafutika kwa kitambaa. Weusi wa namna hii, wa kuingia mpaka kwenye mifereji, ni wa kitu kimoja. Ngoja."

Alitoa mkebe wa unga wa manjano. Ulikuwa salfa, ileile ambayo wakulima wa korosho huko kusini hupulizia mikorosho yao, na masonara huitumia kutia weusi kwenye nakshi. Aliweka punje kwenye kijiko, akawasha moto chini yake, akashika juu kipande cha fedha nyeupe, kisha akafunika vyote kwa kopo. Alihesabu mpaka thelathini. Alipofunua, fedha ilikuwa nyeusi tititi kama pete.

"Na kama usingefunika?" Leonia aliuliza.

"Ningekaa mpaka kesho. Moshi huu ukiwa peupe upepo unauchukua. Lazima pawe mahali pamefungwa."

"Mahali pamefungwa," Leonia alirudia, akaandika. Staha ya meli ni peupe. Bahari ni peupe kuliko vyote.

Sonara alikuwa bado ameshika kopo.

"Niliwaambia watu wasije kunipa pole," alisema. "Walifika mlangoni nikawaambia warudi na pole zao."

Mzee aliinuka, akaenda akafungua lile bati la pili, akaliegemeza ukutani, akabaki amelishika.

*

Alhamisi asubuhi alichukua pikipiki ya kituo, akashika barabara ya Usoke. Fikiri Jilala, shahidi wa tatu, alikuwa kwao akikausha tumbaku ya mwisho ya msimu. Kijana alikuwa kwenye mdomo wa tanuru, akisukuma gogo ndani ya moto kwa mti mrefu. Nyuma yake bani la matofali lilikuwa limefungwa mlango, majani ya tumbaku yakining'inia ndani kwenye fito zake, juu ya bomba la bati linalopitisha moto sakafuni.

"Mwangaluka afande. Umekuja na pikipiki ya serikali mpaka hapa? Majirani watasema nimeiba tumbaku."

"Mwangaluka. Waambie umeniuzia. Wewe na Nassibu mlijuana wapi?"

"Igunga, kwenye kazi ya bomba la mafuta ghafi. Tulibeba mabomba pamoja, tukapata vyeti vya usalama pamoja, tukaenda baharini pamoja." Aliyasema yote bila kumtazama. "Nimeshaandika maelezo kule."

"Ninayo. Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala."

"Na yeye alikuwa mwenye huzuni."

"Alikuwa mwenye huzuni."

"Huzuni gani?"

"Ya... ya mambo ya nyumbani. Imeandikwa humo."

Upepo uligeuka, ukaleta harufu kutoka kwenye bani. Kwanza ilikuwa ile tamu, ya jani linaloiva, ambayo kila mtoto wa mkulima wa tumbaku hunyonya na maziwa. Kisha chini yake ikaja nyingine, chungu, ya kukereketa koo.

"Bani lako linaungua."

Fikiri alicheka. "Haliungui, afande. Nipo hapa tangu alfajiri."

"Fikiri, linaungua."

"Ningesikia harufu."

Leonia alimpita, akavuta mlango. Moshi wa bluu ukatoka. Fito moja ya chini ilikuwa imekatika, majani yake yameangukia bomba la moto, kingo zake zinameremeta nyekundu. Fikiri alipiga kelele, akakimbilia ndoo. Walimwaga maji wawili, wakavuta majani nje kwa mikono, wakayakanyaga mchangani mpaka yakanyamaza. Dakika chache zaidi na mavuno ya familia yangekwenda.

Walisimama wakihema. Mikono ya kijana ilikuwa imejaa masizi.

"Mimi ni wa Goweko," Leonia alisema. "Baba yangu alikuwa akilala mita ishirini kutoka kwenye bani, na jani moja likiungua aliamka. Kazi hii huangaliwa kwa pua. Wewe ulikuwa hatua tatu. Tangu lini husikii harufu?"

Fikiri alitazama majani yaliyoungua.

"Nitakuambia nilichonacho," Leonia aliendelea. "Pete ya Nassibu imekuwa nyeusi kwa salfa, na salfa haifanyi hivyo mahali peupe. Tumbo lake halikuwa na maji. Hakufia baharini, alifia ndani ya kitu kilichofungwa. Na wewe hukuwa kitandani, kwa sababu hewa iliyoila pete yake ndiyo iliyokula pua yako."

Kijana aliketi chini palepale, kwenye matope ya majivu.

"Gesi ya mayai viza," alisema hatimaye. "Ukiisikia inanuka, una bahati. Ikizidi inaua pua kwanza, unadhani imekwisha."

"Ilikuwa wapi?"

"Tangi la matope ya kuchorongea. Matope yale hushushwa kwenye kisima kupoza kekee na kuizuia gesi isipande. Tangi moja lilikuwa limelala na mabaki wiki nne, yamechanganyika na maji ya bahari. Msimamizi wa zamu akataka lisafishwe siku hiyohiyo, meli ya kupokea mafuta iko njiani, ratiba imebana. Kipima gesi kilikuwa kimeharibika. Nikaingia."

"Bila kibali?"

"Kibali kiliandikwa baadaye. Nilishuka ngazi, nikafika chini, miguu ikakatika. Sikumbuki zaidi. Waliobaki juu ndio walioniambia. Walikuwa wanasubiri vifaa vya kupumulia viletwe kutoka upande wa pili wa meli, dakika kumi. Nassibu akasema dakika kumi Fikiri hana. Akavuta pumzi akashuka na kamba."

"Kamba ngapi?"

"Moja." Fikiri alijifuta uso, masizi yakasambaa. "Alinifunga mimi. Wakanivuta mimi. Walipoirudisha chini haikushikwa na mtu."

Leonia aliandika. Mkono wake ulikwenda polepole kuliko kawaida.

"Na haya maelezo ya huzuni?"

"Nilizinduka baada ya muda wa saa nne, karatasi imeshaandikwa. Msimamizi akasema: mtu akifa kwenye tangi, serikali inasimamisha uchorongaji miezi. Mtu akijirusha, wanasimama nusu siku. Akasema pia kwamba mimi ndiye niliyeingia bila kibali, kwa hiyo nikikataa, mwuaji ni mimi." Alinyanyua macho. "Na hilo si uongo, afande. Kama nisingeingia asingeingia."

"Ulitumwa. Niambie jambo moja tu, na nataka ukweli mtupu. Ijumaa ile mama yake alimjibu ujumbe. Aliusoma?"

"Wa futari?" Kwa mara ya kwanza uso wa Fikiri ulilegea, kisha ukaanguka wote. "Alitusomea mezani, watu kumi na wawili. 'Mnamsikia mwanamke huyu? Ameninyima radhi mpaka nikale mihogo yake ya nazi!' Alicheka mpaka akamwaga chai kwenye bakuli la mtu. Usiku huo aliomba ruhusa, arudi siku kumi za mwisho za mfungo. Walikuwa wamemkubalia."

Leonia alimwandikisha yote kwa mkono wake, kurasa nne. Fikiri alizitia sahihi na dole la masizi likabaki pembeni.

"Jumatatu saa mbili uwe kituoni."

"Mama Zuwena atanitazama kwa jicho gani?"

"Hilo si swali la polisi," Leonia alisema, akawasha pikipiki.

*

Afande Xavery alisoma kurasa zote asubuhi ya Ijumaa, akafuta kwa kalamu yake mwenyewe lile neno Lifungwe. Kisha akasema kilichojulikana na wote wawili. Maneno ya kijana mwoga na pete ya sonara havitaushinda mhuri wa daktari wa meli. Mwili ndio wenye kusema. Mtu aliyekufa maji huyavuta mpaka uboho wa mifupa unabeba vijidudu vya bahari, na hata baada ya mwezi mkemia anaweza kuviona, au kuona kuwa havimo. Saa tano hakimu alikwisha kutia sahihi amri ya kufukua kaburi. Kilichobaki ni wazazi.

Leonia aliwakuta wote uani Gongoni. Mzee Awadhi alikuwa ameketi kwenye kigoda kibovu, na Mzee Mabruki mkekani. Bi Zuwena hakuwa na ungo.

"Aliyasoma, mama," Leonia alisema kabla ya kuketi. "Aliwasomea wenzake mezani. Alicheka mpaka akamwaga chai. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuja kufuturu kwako, na amepewa."

Bi Zuwena alifunga macho. "Endelea."

Leonia aliendelea. Alisema habari za tangi, za gesi, za kamba moja. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipofika pale ambapo kamba ilirudishwa chini, Mzee Awadhi aliweka viganja viwili juu ya kichwa chake akabaki hivyo. Mama hakulia. Alikuwa akisikiliza kwa mdomo ulio wazi kidogo, kama anayefundishwa njia ya kwenda mahali asipopajua.

"Huyo Fikiri yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mwambie nimesikia. Mwambie asije leo. Wala kesho asije. Nitamwita mwenyewe, na nisipomwita asinilaumu."

Ndipo Leonia akatoa amri ya hakimu, akaieleza. Mzee Awadhi alikubali kwa kichwa. Wote wakamtazama mama.

"Ameshalala mwanangu," alisema. "Mnataka kumwamsha."

"Bila hivyo watasema alijirusha, mama. Itabaki imeandikwa hivyo."

"Mimi nimeshajua hakujirusha. Yananitosha."

"Yanakutosha wewe," Mzee Mabruki alisema taratibu. "Mji haujajua."

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akitwanga.

"Mnaanza saa ngapi?" Bi Zuwena aliuliza.

"Kesho, saa moja asubuhi."

"Nitakuwepo."

Mzee Mabruki alikohoa. "Bi Zuwena, dada yangu, makaburini kwetu wanawake hawaendi kuzika."

"Kwani mnazika? Mnafukua. Hilo desturi yake ni ipi, niambie, nani ameiweka? Siku ile mlimpitisha hapa ndani ya sanduku, mkasema uso usifunuliwe. Nikanyamaza. Mkambeba, nikabaki na wanawake wenzangu tukihesabu mabakuli. Mtoto ametoka nyumbani kwangu akitembea, na toka hapo sijamwona. Safari hii nitasimama."

"Mama," Leonia alisema, na huu ulikuwa ukweli wa mwisho aliokuwa nao, "mwezi umepita. Hatakuwa yule unayemjua."

"Siku nilipomzaa pia sikuwa namjua. Nilimjua kwa kumtazama."

Leonia alifungua fomu kwenye goti. Palikuwa na sehemu ya watakaokuwepo kaburini: daktari, afisa wa afya, polisi, ndugu wa kiume wa marehemu. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa daktari. Juu ya mstari huo, kwenye nafasi nyeupe ambayo mpiga chapa hakukusudia iandikwe kitu, aliandika: Zuwena, mama yake.